Bajeti ya afya ikiwa ndogo tuanze na nini? Rufiji na Morogoro walishatuonyesha njia

Mtu wa Mipango (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na baadaye kulifunga shirika la USAID, mjadala wa fedha za afya hapa kwetu umebaki kwenye swali moja: pesa itatoka wapi? Swali hilo ni la haki. Zipo kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU zilizokuwa zinaendeshwa na watumishi wa miradi, na miradi ilipokufa watumishi waliondoka. Ila kuna swali la pili ambalo sioni likiulizwa: hii pesa iliyopo, pamoja na udogo wake, tunaipeleka wapi, na ni nani aliyeamua iende huko?

Nimefanya kazi ya mipango ya afya ngazi ya halmashauri kwa miaka mingi. Msimamo wangu nauweka mezani mapema, anayetaka kuupinga apate pa kushika. Kabla halmashauri haijaomba shilingi ya nyongeza, ionyeshe kwenye karatasi moja mambo mawili: watu wake wanakufa kwa maradhi gani, na fedha zake zinakwenda kwenye maradhi gani. Hayo mawili yakipishana sana, nyongeza itapotelea kule kule zilikopotelea za mwanzo.

Jambo hili lilishajaribiwa hapa hapa Tanzania, na vijana wengi walioajiriwa sekta ya afya leo hawajawahi kulisikia.

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti yake ya mwaka ikazungumzia afya. Ndani yake kulikuwa na dai zito: nchi maskini ikitumia kama dola 12 kwa kila mtu kwa mwaka, na ikazielekeza kwenye huduma chache zilizochaguliwa kwa makini, itapunguza sehemu kubwa ya vifo na ulemavu unaotokana na maradhi. Sisi wakati huo tulikuwa tunatumia kama dola 8. Wizara ya Afya ikishirikiana na IDRC, kituo cha utafiti wa maendeleo cha Canada, ikaamua kulipima dai hilo kwa vitendo. Mradi ukaitwa TEHIP. Zikachaguliwa wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini, zenye watu takriban laki saba kwa pamoja. Zikaahidiwa nyongeza ya hadi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, kwa sharti moja kubwa: mpango wa wilaya ujengwe juu ya ushahidi wa wilaya yenyewe.

Ushahidi huo waliupataje? Hapa ndipo penye kazi, naomba mnivumilie.

MTUHA, mfumo wa taarifa za vituo vya afya, inahesabu watu waliofika kituoni. Aliyefia nyumbani haimo, na Rufiji wengi walikuwa wanafia nyumbani. Kwa hiyo wakawekwa watu wa kupita kaya kwa kaya kila baada ya miezi minne, katika eneo lenye wakazi wapatao 85,000: nani kazaliwa, nani kahamia, nani kafariki. Penye kifo, mhojaji aliyefunzwa alikwenda msiba ukiwa umeshatulia, akawauliza wafiwa dalili zilivyoanza, mgonjwa alipelekwa wapi, alipewa nini. Madaktari wakasoma majibu na kutaja chanzo cha kifo. Upande wa Morogoro kulikuwa na mradi mwingine uliokwisha kuanza kazi ya namna hiyo hiyo.

Takwimu za vifo zilipowekwa kando ya bajeti, picha ya Morogoro ikawa hii. Malaria, kwa watu wa rika zote, ilikuwa inachukua asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea kwa vifo vya mapema, lakini kwenye bajeti ya mwaka 1996 ilipewa asilimia 5. Maradhi ya watoto kwa jumla, yaani nimonia, kuharisha, utapiamlo, surua na hiyo malaria ya utotoni, yalibeba asilimia 28 ya mzigo huo na kupata asilimia 13 ya fedha. Kifua kikuu kilikuwa chini ya asilimia 4 ya mzigo, kikapata asilimia 22.

Hakuna mtu aliyeketi akasema watoto wenye homa wasitibiwe. Bajeti ilikuwa inapangwa kama inavyopangwa sehemu nyingi hadi leo: unachukua ya mwaka jana, unaongeza kidogo, kisha unaingiza kile ambacho mfadhili amekuja nacho. Mfadhili wa kifua kikuu alikuwepo na fedha zake zilikuwa na jina. Homa ya mtoto wa Mkuyuni au Utete haikuwa na mfadhili.

Walipoiona picha hiyo, timu za wilaya zikahamisha fedha. Wauguzi na waganga wa zahanati wakafundishwa kumtibu mtoto mgonjwa kwa uwiano, ile njia inayojulikana kwa kifupi IMCI: mtoto akija na homa humpi dawa ya homa tu ukamruhusu, unahesabu pumzi zake, unauliza kuhusu kuharisha, unaangalia lishe na chanjo, unamfundisha mama dalili za kumrudisha haraka. Vyandarua vyenye dawa vikapewa uzito. Vituo vya afya vikapewa jukumu la kusimamia zahanati zinazovizunguka, badala ya kila kitu kusubiri gari la wilaya. Vikanunuliwa redio za mawasiliano na pikipiki. Wanavijiji wakashirikishwa kukarabati majengo.

Matokeo: Rufiji, kati ya mwaka 1999 na 2000, vifo vya watoto wachanga chini ya mwaka mmoja vilishuka kutoka 100 hadi 72 kwa kila vizazi hai 1,000. Vya walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 140 hadi 120. Kwa kipindi cha kama miaka mitano, wilaya zote mbili zilipunguza vifo vya watoto kwa zaidi ya asilimia 40.

Na sasa shikeni hili: zile dola 2 hazikutumika zote. Wilaya ziliweza kutumia kama senti 80 za dola kwa mtu. Senti 80!

Karibuni tujadiliane.

Mwana wa Ikwiriri

Mkuu, umenikumbusha mbali. Mimi ni wa huko huko, na watu wale wa takwimu waliokuwa wanapita na madaftari nawakumbuka vizuri. Wazee walikuwa wanalalamika: kila siku mnaandika tu, dawa ziko wapi? Sikujua kama yale madaftari ndiyo yaliyobadilisha bajeti ya wilaya. Swali langu: matokeo yale waliwahi kurudishiwa wananchi?

Mtu wa Mipango

Swali zuri, kaka. Timu za wilaya ndizo zilizoletewa, tena kwa michoro rahisi ya mihimili ambayo mtu hahitaji shahada kuielewa, na nguvu ya mradi ilikuwa hapo. Kwa mwananchi wa kawaida nadhani hatujafanya vya kutosha hata leo, na nitalirudia hilo mbele.

Kuna jambo moja kutoka kwenye madaftari hayo ambalo watu wa Rufiji mnastahili kulisikia. Kwa miaka mingi sisi watumishi tuliwalaumu wazazi: watoto wanakufa kwa sababu wanapelekwa kwa mganga wa kienyeji kwanza. Wahojaji wa Rufiji walipofuatilia vifo vya malaria, wakakuta karibu marehemu wanane kati ya kumi walikuwa wametafuta tiba ya kisasa. Walikwenda, na wakafa hata hivyo, kwa sababu walichelewa kidogo, au dawa haikuwepo, au klorokwini, dawa ya malaria ya wakati huo, ilikuwa imeshashindwa. Ukiamini lawama ile ya zamani, fedha utaipeleka kwenye matangazo ya kuelimisha jamii. Ukiyaamini madaftari, utaipeleka kwenye dawa na kwenye ubora wa tiba. Klorokwini yenyewe ilikuja kuachwa kuwa tiba ya kwanza mwaka 2001.

Mchambuzi Huru

Mleta uzi, nakuheshimu lakini umetupa upande mmoja. Nina pingamizi mbili.

Ya kwanza ni asilimia 40. Kipindi hicho hicho vifo vya watoto vilishuka Tanzania nzima. Utafiti wa kitaifa wa 1999 ulitoa vifo 147 vya watoto chini ya miaka mitano kwa kila vizazi hai 1,000. Ule wa 2004/05 ukatoa 112. Rufiji na Morogoro haziwezi kuchukua sifa ya mvua iliyonyesha nchi nzima. Walipolinganishwa na majirani zao Kilombero na Ulanga, ambako IMCI ilikuwa haijaanza, tofauti ya vifo vya watoto ilikuwa asilimia 13.

Ya pili ndiyo nzito. Unasema fedha zifuate vifo. Kifua kikuu kilikuwa na vifo vichache Morogoro labda kwa sababu hiyo asilimia 22 ilikuwa inafanya kazi yake. Surua leo haiui kama zamani kwa sababu tunachanja. Kwa kanuni yako, ugonjwa tukiushinda tunauondolea fedha, halafu unarudi. Hapo kanuni inakula matunda yake yenyewe.

Mtu wa Mipango

Mchambuzi, hizi ndizo pingamizi nilizotamani mtu azilete.

La kwanza nakubaliana na takwimu zako, ila zisome mpaka mwisho. Kilombero na Ulanga hazikuwa zimelala. Huko ndiko kulikuwa na mradi wa vyandarua wa KINET tangu 1997, na tathmini yake ilionyesha kwamba chandarua chenye dawa kiliongeza uhai wa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Kwa hiyo wilaya za TEHIP zilishindanishwa na majirani waliokuwa tayari wanawekeza mahali sahihi, na bado zikatangulia kwa asilimia 13. Jambo jingine katika tathmini iliyozilinganisha wilaya hizo ni kwamba kumtibu mtoto kwa IMCI hakukugharimu zaidi ya njia ya zamani. Gharama ilikuwa ile ile au chini yake. Watoto zaidi wanaishi na fedha haijaongezeka. Mtu wa mipango anatafuta nini kingine?

Huo mteremko wa nchi nzima nao una maelezo yake. Kati ya 1999 na 2004 fedha za umma za afya kwa kila mtu ziliongezeka zaidi ya maradufu. Mfuko wa pamoja wa wafadhili ukaanza kupeleka fedha halmashauri bila kuzipachika jina la ugonjwa mmoja mmoja. Matone ya vitamini A yalikuwa yanawafikia asilimia 14 ya watoto mwaka 1999, yakafika asilimia 85 mwaka 2005. IMCI ikaenea. Vyandarua vikaenea, na mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo, vocha ya kupunguza bei ya chandarua kwa wajawazito. Yale yaliyofanywa Rufiji na Morogoro kwanza ndiyo yaliyosambaa, na yalisambaa yakiwa na fedha nyuma yake. Sijasema popote kwamba upangaji mzuri unatosha peke yake.

La pili, una haki ya kunibana. Hesabu ya vifo inatuambia tulikobakiza kazi, haituambii wapi tupunguze. Kwa chanjo swali la kuuliza ni hili: tukiacha mwaka mmoja, kitarudi nini? Surua hairudi polepole, inarudi kwa kishindo, na inachukua watoto ambao gharama ya kuwalinda ilikuwa ndogo mno. Kwa hiyo chanjo inabaki juu ya orodha hata kama mhimili wa vifo vya surua kwenye mchoro ni mfupi. Kifua kikuu vilevile: anayeacha dawa katikati anatengeneza usugu unaotibiwa kwa gharama kubwa zaidi. Mimi sikudai zile asilimia 22 zifutwe. Nadai kwamba asilimia 5 kwa malaria haikuwa na mtu wa kuitetea, na ilidumu kwa sababu hakuna aliyeiona.

Ndiyo maana michoro ya TEHIP haikupanga vifo kwa ugonjwa mmoja mmoja tu. Iliyakusanya maradhi kwa huduma inayoyatibu. Nimonia, malaria ya mtoto, kuharisha, surua na utapiamlo ni maradhi matano, lakini mlango wao ni mmoja: mganga mmoja wa zahanati aliyefundishwa vizuri, mwenye dawa kabatini. Swali la bajeti linakuwa: shilingi inayofuata, ikipita mlango upi, inaokoa wengi zaidi?

Binti wa Mbagala

Samahanini kaka zangu, mnazungumza kwa asilimia na mihimili. Mimi nina mama yangu anayesafishwa damu kwa sababu ya figo. Mara tatu kwa wiki. Kadi ya bima ikikwama siku moja nyumba nzima tunakosa usingizi. Nikisoma huu uzi naelewa kwamba kwa hesabu zenu mama yangu ndiye wa kwanza kukatwa. Naomba mnijibu kwa uwazi, ndivyo mnavyosema?

Mtu wa Mipango

Dada yangu, pole sana, na mama tunamwombea nafuu. Umeuliza kwa uwazi nami nakujibu hivyo hivyo.

Hapana. Mgonjwa aliyekwisha kuanza kusafishwa damu, kumwondoa ni kumuua, na mimi siwezi kuutetea mpango unaofanya hivyo. Nchi ikishamwambia mtu "njoo, tutakuhudumia", imefunga naye ahadi.

Ila naomba na wewe unisikilize. Figo za wazazi wetu zinaharibiwa zaidi na mambo mawili, shinikizo la damu na kisukari. Yote mawili yanapimika zahanati. Presha inapimwa kwa kifaa cha bei ndogo, na vidonge vyake vya kawaida ni vya kila siku na si vya bei mbaya. Nenda zahanati nyingi za vijijini uulize kama vidonge hivyo vipo mwezi mzima. Tunamsubiri mtu mpaka figo zife, ndipo tunakubali kumlipia huduma iliyo ghali kuliko zote, na hata hiyo anaipata mwenye bima au mwenye ndugu wa kuchanga, tena anayekaa karibu na mji. Mama wa Liwale mwenye ugonjwa ule ule hajawahi kuuona mlango wa hospitali yenye mashine. Hakuna aliyemkata kwenye orodha, kwa sababu hakuwahi kuandikwa.

Kwa hiyo nikisema vipaumbele sikusudii kumlenga mama yako. Kugawa kupo tayari. Kunafanywa na umbali, na kujuana, na uwezo wa mtoto wa mgonjwa kuandika ujumbe wa kuomba mchango kwenye makundi ya WhatsApp. Mimi naona ni heri kugawa kufanyike kwa uamuzi unaosomwa hadharani, ambao wewe unaweza kuusimamia na kuupinga, kuliko huu wa sasa ambao hauna wa kuulizwa.

Nchi kujijengea uwezo wa tiba kubwa siupingi. Muhimbili walipopandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017 nilifurahi kama Watanzania wengine, na kwa wagonjwa wanaofaa upandikizaji unawaondoa kwenye mashine. Ninachotaka ni kwamba kila mashine mpya inapotangazwa, mtu aulize siku hiyo hiyo: na vidonge vya presha vya zahanati, bajeti yake ikoje?

Binti wa Mbagala

Nimekuelewa kaka. Mama aligunduliwa presha akiwa ameshachelewa, alikuwa anakunywa dawa za kichwa tu. Hilo la vidonge umesema kweli tupu.

Nesi wa Kata

Wakuu, mimi niko zahanati, naomba niseme ya kwangu kwa upande wa chini.

Mosi, mchoro wa 1996 leo haufai. Watoto bado wanakuja na homa, lakini kipimo cha haraka cha malaria kikisema hana, ndipo kazi inaanza. Watu wazima wenye presha na sukari wameongezeka sana. Nikipangiwa kwa mzigo wa zamani nitakuwa na chandarua cha ziada na sina kipimo cha sukari.

Pili, mnazungumza fedha na dawa mnasahau mikono. Niko na mhudumu mmoja tu. Siku ya kliniki ya watoto, mimi napima uzito, nachanja, naandika, nazalisha kama mama kaja na uchungu. Hiyo IMCI mnayoisifu ukiifanya kama ilivyoandikwa inataka muda kwa kila mtoto. Foleni ikifika nje ya geti, unaruka hatua. Siyo uvivu.

Tatu, uzazi. Mama akianza kutokwa damu usiku, kinachomwokoa ni usafiri na damu, na vyote viwili haviko kwangu.

Mtu wa Mipango

Dada Nesi, laiti kila kikao cha mipango kingekuwa na mtu wa zahanati anayesema hivi.

Kuhusu mchoro, kabisa. Ule wa 1996 ninautaja kwa ajili ya mbinu. Hesabu lazima zirudiwe, maana hata mafanikio yanabadilisha picha. Utafiti wa kitaifa wa 2022 umetoa vifo 43 vya watoto chini ya miaka mitano kwa kila vizazi hai 1,000, kutoka 67 vya 2015/16.

Kuhusu uzazi, tafiti hizo mbili zinaonyesha vifo vitokanavyo na uzazi vikishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Makadirio ya aina hii yana upana mkubwa wa makosa kila upande, kwa hiyo nisingening'inia kwenye tarakimu moja. Mwelekeo ndio ninaouamini, na unakwenda sambamba na akina mama wanaojifungulia vituoni, kutoka asilimia 63 hadi 81. Na hilo la usafiri wa usiku ndiyo sababu nausifu mpango wa m-mama. Unapiga 115 bila malipo, anatafutwa dereva wa gari la wagonjwa, na kama halipo karibu anatumwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa, analipwa kwa simu. Gari la wagonjwa jipya linahitaji dereva, mafuta na matairi mwaka mzima hata likikaa. Huyu analipwa kwa safari. Kwa halmashauri yenye kata zilizotawanyika, huo ni uamuzi wa kipaumbele uliofikiriwa.

La mikono sina jibu la haraka. Ajira ziko juu ya uwezo wa halmashauri, na hapo ndipo kupanga vizuri kunagota. Mpango wa wilaya unaweza kuhamisha dawa na mafunzo, hauwezi kumzalisha muuguzi.

Jirani wa Kakamega

Habari zenu ndugu wa Tanzania. Huku kwetu afya iligatuliwa kwenda kaunti 47 mwaka 2013, tukadhani sasa kila kaunti itapanga kulingana na shida zake. Mwaka 2015 serikali kuu ikaleta mpango wa kukodisha mitambo ya hospitali: eksirei, vifaa vya vyumba vya upasuaji na vya wagonjwa mahututi, mashine za kusafisha damu. Kaunti zilikatwa pesa kuulipia, mwanzo shilingi milioni 95 kwa mwaka kwa kila kaunti, baadaye milioni 200, na kiwango kilikuwa kile kile kwa kaunti kubwa na ndogo. Kuna hospitali zilizopokea mitambo bila mtaalamu wa kuiendesha, zingine bila umeme wa kutosha. Seneti ikaunda kamati maalum ya kuchunguza. Kwa hiyo mtu wa mipango nakuunga mkono, lakini ujue kwamba unaweza kuwa na michoro mizuri sana ofisini, halafu makato yakafanywa kabla pesa haijakufikia.

Mtu wa Mipango

Ahsante jirani. Huo mfano wenu unanifundisha kwamba swali la "nani aliamua" linatangulia swali la "tuanze na nini". Kaunti ya wafugaji yenye vituo vilivyoachana mwendo wa siku nzima ilihitaji kitu kingine kabisa kuliko kaunti ya mjini, na bei ikawa moja.

Kada wa Kata

Mleta uzi, mimi natoka upande wa siasa na sioni haya kusema. Mwananchi anapima kazi ya diwani kwa jengo. Nikimwambia nimepigania mafunzo ya waganga na vidonge vya presha, ananiuliza zahanati ya kijiji chetu iko wapi? Na serikali yenyewe kupitia MMAM, mpango wa maendeleo ya afya ya msingi, mwaka 2007 ilisema kila kijiji zahanati, kila kata kituo cha afya. Tukajenga maboma kwa nguvu zetu. Leo mnatuambia majengo si kipaumbele?

Mtu wa Mipango

Mheshimiwa, mama anayetembea nusu siku kufika zahanati ana haki ya kudai jengo. Nalitetea jengo pale umbali ndio unaoua. Ninachopinga ni jengo la pili mahali ambapo la kwanza halina mhudumu wala dawa. Boma likishaezekwa linadai kila mwaka: watumishi, dawa, maji, umeme, jokofu la chanjo, usimamizi. Gharama hiyo haisomwi siku ya kuweka jiwe la msingi, na inalipwa kwa kupunguza ya zahanati zilizopo. Nimeshuhudia halmashauri moja ikizindua kituo huku zahanati za jirani zikiazimana dawa za kuzuia mama kutokwa damu baada ya kujifungua.

Na hili la wananchi kupima kwa jengo, ndilo linalonirudisha kwa kaka wa Ikwiriri pale juu. Wanapima kwa jengo kwa sababu jengo ndilo pekee wanaloonyeshwa. Tangu 2017/18 fedha zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kila zahanati ina kamati ya usimamizi yenye wajumbe wa wananchi. Mlango uko wazi. Bandika kwenye ubao wa zahanati karatasi yenye safu mbili, moja waliofariki katika vijiji vyetu mwaka huu na chanzo chake, nyingine tulichotumia na kwa nini. Mtendaji wa kijiji anavijua vifo vyote, hata vya nyumbani, maana anahudhuria mazishi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuuliza dalili. Haitakuwa takwimu ya kuandikia makala ya kisayansi, lakini itakuwa bora kuliko tunachopangia sasa.

Nesi wa Kata

Hapo kwenye kamati ya zahanati nakuuliza jambo la vitendo. Kikao chetu cha mpango ni mwezi ujao. Ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu tunachoruhusiwa, ukishatoka, fungu kubwa limeshapangiwa asilimia zake kwa mwongozo. Mimi kama mganga mfawidhi nibadilishe nini hasa?

Mtu wa Mipango

Dada, anza na daftari la vifo, siyo na fomu ya bajeti. Keti na mtendaji na wahudumu wa jamii, orodhesheni waliofariki tangu Julai, wa kituoni na wa nyumbani. Kwa kila mmoja andikeni umri, dalili kubwa, alifika kwako au hakufika, na kama alifika alikosa nini. Kisha chukua matumizi ya mwaka jana uyapange kwa maneno hayo hayo: ya watoto, ya uzazi, ya presha na sukari, ya posho na vikao, ya ukarabati.

Mwongozo unakupa asilimia za mafungu makubwa, lakini ndani ya fungu la dawa wewe ndiye unayeagiza Bohari ya Dawa, na ndani ya fungu la uendeshaji wewe na kamati ndio mnaoamua semina ipi iende na ipi ibaki. Ukikuta watu wazima wanne wamefariki kwa kiharusi na oda yako ya mwaka mzima haina vidonge vya presha vya kutosha, hiyo ni hoja inayojitegemea. Iandike kwenye muhtasari wa kikao, asaini mwenyekiti wa kamati, nakala ipelekwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kabla timu ya halmashauri haijafunga mpango kabambe, yaani mpango wa afya wa mwaka wa halmashauri nzima. Ikishafungwa utasubiri mwaka.

Nitumie PM, nina karatasi ya safu nilizokuwa natumia. Yeyote mwingine wa zahanati anayeitaka aseme hapa, naiweka wazi.